Kina cha Milimita Mbili

Wembe wa kugemea papai hauna sura ya kifaa cha kazi. Ni kipande cha wembe wa kunyolea, wa chuma kisichoshika kutu, kilichobanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa mdomoni na kukazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Sehemu inayojitokeza nje ya kijiti ni ndogo hata mgeni hudhani wembe umevunjika: milimita mbili, labda mbili na nusu. Aliyeufunga amefanya kusudi. Hata mkono ukitetemeka, hata mawazo yakihama kidogo, wembe hauwezi kuzama zaidi ya hapo. Kwa miti mirefu kuna wembe wa pili, uliofungwa mwishoni mwa fito, na huo ndio unaotenganisha fundi na mwanafunzi. Kina ni kile kile cha milimita mbili, ila sasa kinatafutwa kutoka chini, shingo ikiwa imeinuliwa na tunda liko mbali na jicho.

Miti yenyewe imesimama kwenye ardhi ya joto chini ya Ruwenzori, upande wa Mutwanga, wilaya ya Beni, mashariki mwa Kongo. Huku papai hustawi upesi. Ukipanda hadi Butembo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, baridi ya asubuhi hulidumaza. Kwa hiyo kazi imegawanyika tangu zamani: Beni inagema, Butembo inanunua. Wafanyabiashara wa Butembo, mji uliojijenga kwa mifuko ya wenyeji wake kuliko kwa mkono wa serikali, waliipeleka papaini njia ile ile ya kahawa na magome ya mkwinini, kupitia Kasindi na Uganda hadi baharini Mombasa. ENRA ya Beni, kampuni inayojulikana siku hizi kwa mbao, nayo ilianza na papaini. Enzi za Zaire nchi hii ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bidhaa hiyo duniani. Viwanda vya bia viliitaka ili bia isiingie ukungu ikipozwa, na viwanda vya nyama vikaitaka ili kulainisha nyama ngumu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamewaondoa wakulima wengi wa Beni mashambani, na mipapai mingi imezeeka bila kuguswa. Mama ninayemtazama hapa ni mmoja wa waliorudi. Jina lake nitamwachia mwenyewe.

Anaanza kabla jua halijapanda juu ya mlima. Utomvu wa papai hujaa ndani ya tunda usiku, mti ukiwa umeshiba maji na jani halijaanza kuyapoteza. "Paipai inajazaka maziwa usiku, mwanangu," ananiambia bila kugeuza kichwa. "Jua ikipanda, inarudisha ndani." Wataalamu wa kilimo watakueleza jambo hilo hilo kwa habari za msukumo wa maji ndani ya seli za mmea, nao watakushauri umalize kabla ya saa nne asubuhi. Yeye huwa amemaliza mapema zaidi ya hapo.

Kwanza anachagua. Si kila papai la kijani linafaa. Lililo changa mno lina utomvu kidogo na kovu hulikunja. Lililokaribia kuiva limeshaanza kuupoteza. Analotaka ni lile lililofikia ukubwa wake wote, la miezi mitatu hivi, gumu, la kijani kisicho na doa la manjano hata kwenye kitako. Anapita mti hadi mti akiyagusa kwa mgongo wa kidole, na mengine anayapita bila kuyagusa. Nilipomuuliza kwa nini moja kubwa ameliacha, alinionyesha mistari minne iliyokauka ubavuni mwake. Lilikatwa juzi. Tunda lililogemwa hupumzishwa siku nne hadi saba kabla ya kurudiwa, na mikato mipya hupitishwa katikati ya ile ya zamani, mpaka ngozi yote ijae mistari. Hiyo ndiyo daftari yake ya kumbukumbu. Anatazama tunda na kujua amelitembelea mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Chini ya tunda, akizunguka shina, anafunga kitambaa cha plastiki kilichotandazwa juu ya fremu ya fito, mwavuli uliogeuzwa juu chini. Anakikaza vizuri kwenye shina ili tone lisipenye. Kisha anakata: mstari mmoja kutoka karibu na kikonyo kushuka hadi kitakoni, mkono ukienda mwendo mmoja bila kusita. Wa pili, wa tatu, wa nne, kwa nafasi zinazolingana. Kwa nukta moja hakuna kinachoonekana. Halafu mstari wa kwanza unakuwa mweupe kote kwa mara moja, matone yanavimba, yanaungana na kuanza kushuka.

Kina ndicho kazi yenyewe. Mishipa ya utomvu imelala chini kidogo tu ya ganda. Ukikata juu juu mno, huipati. Ukizamisha wembe kupita milimita tatu, unafika kwenye nyama ya tunda, na maji yake yenye sukari na wanga yanachanganyika na utomvu na kuushusha thamani. Tunda lenyewe nalo linaoza kupitia kidonda. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, wasema wahenga. Wa papai hahitaji hata kusifiwa, milimita moja ya ziada inatosha. Mama huyu hukata matunda mengi kila asubuhi, na mapapai yake yakimalizwa kugemwa huendelea kuiva mtini, yakiwa na makovu yasiyopendwa sokoni lakini matamu nyumbani. Nilikula moja. Makovu yalikuwa kwenye ganda tu.

Utomvu hutiririka dakika chache, kisha huganda wenyewe. Uliodondoka kwenye plastiki unakusanyika kuwa donge jeupe linalotetemeka. Uliobaki umeshikilia kwenye tunda anaukwangua kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa bapa, na huo anauweka kwenye chombo chake cha pembeni. Hauchanganyi na wa kwanza, kwa sababu umekaa hewani kwa muda mrefu na umechukua vumbi la ngozi ya tunda. Vyombo vyake vyote ni vya plastiki. Chuma cha kawaida hakiruhusiwi popote kwenye kazi hii. "Chuma inaifanya nyeusi," anasema, "na ikiwa nyeusi imekufa." Maneno hayo ni sahihi kuliko anavyodai yeye mwenyewe. Papaini ni kimeng'enya, mnyororo wa asidi amino 212, na ukali wake wote unategemea moja kati yake, sisteini iliyo nafasi ya 25, yenye chembe ya salfa. Chembe ndogo za metali zikiishika salfa hiyo, kimeng'enya kinabaki na umbo lake lakini hakikati tena.

Kukata ndiko kazi yake: papaini hukata protini. Hulainisha nyama kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo hula ngozi ya mgemaji. Mama amevaa glavu za mpira, ya mkono mmoja ikiwa imezibwa kwa kiraka. Wasiokuwa nazo utawajua kwa ncha za vidole zilizochubuka, nyororo na nyekundu. "Inakula mukono," anasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza tabia ya mbuzi wake.

Saa tatu haijafika, tumesharudi uani, na hapa ndipo hatua ninayoipenda zaidi inapofanyika, ingawa mpita njia angeiona kuwa ndogo. Donge la utomvu likianikwa lilivyo litakauka nje na kubaki bichi ndani, na siku moja litalazimika kusagwa. Yeye halianiki hivyo. Analimimina juu ya wavu wa nailoni uliokazwa kwenye fremu ya mbao na kulisukuma kwa kibao lipite likiwa bado na maji. Upande wa chini linatoka likiwa chembe chembe laini, ambazo anazitandaza kwenye treya kwa unene wa nusu kidole. Kuchuja huku kunachukua muda mwingi kuliko kugema. Anasukuma, anakung'uta kibao, anaondoa vipande vya majani na wadudu kwa ncha ya mwanzi, anasukuma tena. Majirani zake wengine, anasema, huacha kazi hii na kusaga baadaye, ikiwa kavu, kwa kinu. Ni haraka zaidi. Yeye hataki kinu karibu na papaini kavu, na sababu nitaifikia.

Treya zinaingia kwenye kikaushio, kijumba cha matofali chenye moto wa kuni upande mmoja na bomba la moshi linalopita chini ya rafu. Moshi wenyewe haugusi mzigo. Ni joto tu linalofika. Joto lisipande mno, kwa kuwa kimeng'enya huchoka kikipikwa. Lisishuke mno, kwa kuwa utomvu mbichi huchacha na kunuka ndani ya saa chache. Hana kipimajoto. Anaingiza mkono wazi kati ya rafu na kuhesabu kimoyomoyo. Akishindwa kuuacha mpaka mwisho wa hesabu yake, anavuta ukuni mmoja nje. Kila baada ya muda anageuza treya, za juu zikishuka, za chini zikipanda. Mchana unapita hivyo. Utomvu una maji mengi, na kilo tano zinazoingia hutoka zimebaki kama kilo moja. Mzigo ukiwa tayari una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na chembe ikibanywa kati ya kucha mbili inavunjika kwa mlio.

Na hapo ndipo inapokuwa hatari.

Anapofungua kikaushio, anafunga kitenge puani na mdomoni juu ya barakoa, anawafukuza watoto uani, na anangoja upepo utulie. Hamimini papaini kutoka juu. Anaweka mdomo wa mfuko kwenye ukingo wa treya na kuinamisha taratibu, chembe zikiteleza badala ya kuanguka. Alijifunza hivyo kwa marehemu shangazi yake, ambaye miaka ya mwisho alikuwa akikohoa kila alipokaribia ghala, akibanwa kifua usiku na kupata nafuu akikaa wiki mbili kwa ndugu zake mjini. Kaka yake shangazi huyo alisaga na kupakia papaini ile ile, katika ghala lile lile, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na alifika uzeeni akipanda mlima bila kupumzika. "Vumbi ilikuwa moja," mama anasema. "Kifua ndiyo haikuwa moja."

Kwa sentensi hiyo amegusa swali ambalo madaktari wa magonjwa ya kazi wamekuwa wakilizunguka kwa muda mrefu, na ajabu ni kwamba unga wa papai ulikuwamo katika kulijibu.

Kuhusu pumu, habari ni wazi. Mwaka 1975 jarida la tiba ya viwandani la Uingereza lilichapisha taarifa ya wafanyakazi waliopata pumu baada ya kuvuta vumbi la papaini, na mwaka 1978 daktari Flindt aliandika katika Lancet juu ya hatari hiyo hiyo. Mwili wa baadhi ya watu hulitambua vumbi hili kama adui na kulitengenezea kingamwili. Kuanzia hapo kiasi kidogo tu kinatosha kuwabana. Wengine huvuta kingi zaidi bila mwili wao kulijali. Lakini kisa kikubwa zaidi kilitokea Pittsburgh, Marekani, mwaka 1964. Mtafiti Paul Gross na wenzake, waliokuwa wakichunguza magonjwa ya vumbi, walitia papaini kwenye koo za panya, wakiwamo panya ambao mapafu yao yalikwisha kuharibiwa na vumbi la silika. Vijifuko vya hewa vya wanyama hao vilipasuka na kuungana kuwa mapango makubwa, mapafu yakavimba na kupoteza uwezo wa kurudi yalipotoka. Ulikuwa ni ugonjwa ule ule wa emfisema uliokuwa ukiwaua wavuta sigara na wachimba makaa, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amepata njia rahisi ya kuuzalisha maabara. Utomvu wa papai uliufanya kwa dozi moja.

Pafu hujirudi baada ya kuvuta pumzi kwa sababu limefumwa kwa nyuzi za protini inayonyumbuka, elastini. Papaini iliila elastini ya panya. Basi swali likawa: ndani ya mtu ambaye hajawahi kuona papaini maishani mwake, ni kitu gani kinachoila yake?

Mwaka mmoja kabla, huko Malmö, Sweden, jibu lilikuwa limeshaanza kujitokeza, na lilitokana na kazi ya mikono yenye uvumilivu unaofanana na ule wa uani Mutwanga. Carl-Bertil Laurell aliendesha maabara ya hospitali iliyopima protini za damu kwa kuzitembeza juu ya karatasi kwa umeme. Tone la maji ya damu huwekwa kwenye karatasi, umeme huwashwa, protini husafiri kila moja kwa mwendo wake, kisha karatasi hutiwa rangi na michirizi hujitokeza. Daktari kijana Sten Eriksson alifanya kazi naye. Walipitia karatasi kama 1,500, na katika 5 kati ya hizo mchirizi mmoja haukuwapo. Kuona kilichopo ni kazi ya kila mtu. Kuona mchirizi uliokosekana kwenye karatasi tano kati ya 1,500 kunataka jicho lililozoea sana. Walifuatilia wenye damu hizo. Watatu kati ya watano walikuwa na emfisema, na walikuwa na umri mdogo kwa ugonjwa huo. Eriksson aliendelea kuwatafuta ndugu zao na kukuta jambo hilo linapita katika familia.

Mchirizi uliokosekana ni protini iitwayo alfa-1 antitripsini. Ini huitengeneza na kuimwaga kwenye damu, nayo hufika mapafuni na kuzuia mkataji mwingine wa protini: elastasi, silaha ya seli nyeupe za damu. Vumbi likiingia pafuni, seli nyeupe hukimbilia hapo na kumwaga elastasi. Kwa mtu mwenye antitripsini ya kutosha, elastasi huzuiwa baada ya kazi yake. Kwa asiye nayo, elastasi huila elastini yake mwenyewe kidogo kidogo, kila siku ya vumbi na kila sigara. Baadaye kosa lilipatikana katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 14: herufi moja imebadilika, na katika mnyororo wa asidi amino 394, ile ya nafasi ya 342 imekuwa nyingine. Protini hiyo hujikunja vibaya na kurundikana ndani ya ini, na damuni hufika sehemu ndogo tu. Nchini Sweden mtoto mmoja kati ya kama 1,600 huzaliwa na nakala mbili za kosa hilo. Afrika ni adimu sana, kwa hiyo sisemi kwamba ndilo lililombana shangazi yule. Pumu ya papaini ni njia nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba unga wa papai na karatasi za Malmö, vikiwekwa pamoja, viliwapa madaktari wazo ambalo mama wa Mutwanga alilipata kwa kuwatazama ndugu wawili. Na tukio la New York liliwakumbusha tena: baada ya Septemba 2001, miongoni mwa wazima moto waliopumua vumbi la majengo yaliyoanguka, wachache waliokuwa na upungufu wa antitripsini walipoteza pumzi upesi kuliko wenzao waliosimama nao kwenye kifusi kile kile.

Mavumbi mengine nayo yana habari zake. Kwa berili, metali nyepesi ya viwanda vya ndege na silaha, Richeldi na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba karibu wagonjwa wote walikuwa na alama moja katika jeni ya kinga iitwayo HLA-DPB1. Kwa silika, vumbi la mawe ya dhahabu ambalo wapo wanaolitwanga kwa mikono hata hapa Kivu, utafiti wa mwaka 2002 kwa wachimbaji weusi wa Afrika Kusini ulikuta kwamba tofauti ndogo mwanzoni mwa jeni ya TNF, jeni inayoamuru ukali wa uvimbe, huenda ndiyo inayowafanya baadhi yao wapate silikosisi kali na wengine ile nyepesi.

Hapa nina neno langu. Habari za jeni zikifika kwenye kiwanda, hufika mikononi mwa msimamizi. Kwa berili swali hilo lilizuka mapema: tupunguze vumbi, au tuwachague wafanyakazi wasio na alama? Watu wengi wenye alama hiyo hawaugui kamwe, na wapo wasio nayo wanaougua. Kumwambia mtu kwamba kifua chake ni dhaifu ni rahisi kuliko kununua mashine ya kuvuta vumbi, na naogopa urahisi huo. Vyombo vya kusoma herufi za urithi vimekwisha kufika karibu na hapa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, maabara ya Katwa, pembeni mwa Butembo, ilikuwa ikisoma herufi za virusi na kufuata njia yake kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Siku vyombo vya namna hiyo vitakapoelekezwa kwenye vifua vya wanaogema papai, wanaokoboa kahawa na wanaotwanga mawe, ningependa msomaji wa matokeo awe amewahi kusimama uani kwa mama huyu na kuona kibao kikisukuma utomvu mbichi kwenye wavu.

Kwa maana hiyo ndiyo sababu ya kutotaka kinu. Utomvu uliochujwa ukiwa na maji hukauka ukiwa tayari chembe chembe. Hauhitaji kusagwa, na kisichosagwa hakirushi unga. Hajui nani katika watoto wake amechukua kifua cha shangazi na nani cha kaka yake shangazi, wala hakuna mtu wa kumpimia. Amepanga kazi kana kwamba wote wamechukua cha shangazi. Inampotezea nusu siku kila mara.

Mfuko unafungwa mara mbili, plastiki ndani na gunia nje, hewa ikiwa imekamuliwa kwa viganja kabla ya fundo, kwani papaini iliyovuta unyevu hugeuka kahawia na kupoteza nguvu. Siku ya soko pikipiki inaupandisha Butembo, barabara ikikata kona baada ya kona, na mama nyuma amepakata mzigo badala ya kuufunga kwenye kereya, usije ukapasuka.

Mnunuzi wake ana depo ndogo yenye dirisha moja. Anamwita "Mama," anamletea kiti kabla ya kugusa mzigo, na wanaulizana habari za watoto, za barabara, za usalama wa huko chini. Kisha anafungua gunia, ananusa kwa mbali, anachota kidole kimoja cha chembe na kuzikoroga ndani ya kikombe cha maji. Anapasha maziwa ya ng'ombe kwenye sufuria mpaka yawe vuguvugu, anatia kijiko cha maji yale, na kutazama saa ya simu yake. Papaini hukata protini za maziwa na kuyagandisha. Ilivyo na nguvu ndivyo inavyowahi. Maziwa ya mama huyu yanaanza kushika ukingoni mwa sufuria kabla mnunuzi hajamaliza sentensi yake.

"Nguvu iko," anakubali. "Lakini chembe zako ni kubwa, Mama. Wa nje wanataka unga. Nitalazimika kusaga, na kusaga ni gharama."

"Utasaga na mashini ya kufunika, baba," anajibu, "na wewe uko nayo."

Anamkata bei kidogo kwa kila kilo, kama anavyomkata kila mara. Mama anahesabu noti mbili mbili, anazikunja ndani ya kitenge, na kuomba arudishiwe mfuko wa plastiki mtupu, akimtaka mnunuzi auoshe kwanza kwa maji kabla ya kumkabidhi.